"Shetani wake karudi": kisa cha Bi M na presha ya mimba

Huu ni uchambuzi wa kisa kimoja tu, cha mama mmoja wa kisiwa kidogo pembeni ya Pemba, ntamwita Bi M, na ruhusa ya kukisema kanipa mwenyewe mbele ya mama yake. Mimi ni nesi mkunga, niko kituo cha afya huku Pemba mwaka wa 14 sasa, na kadi yake ya kliniki niliijaza mie kwa mkono wangu, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa kwenye haya nnayoyaandika basi naanza na mwenyewe.

Usiku ule maji yalikuwa makavu. Boti ilikwama mbali kwenye matope, wanaume wanne wakambeba juu ya kiti cha plastiki, kile kiti cheupe cha harusini, wakamvusha mpaka barabarani na hapo ndo ikatafutwa gari ya jirani. Kafika kwangu saa nne na ushee. Nilimkuta kashika kichwa kwa mikono miwili, macho kayafumba, hataki taa. Uso umevimba mpaka sura sikuijua mara moja. Kidole cha pete kilikuwa na alama nyekundu kukizunguka chote, wifi yake kaniambia jana yake walikaa nusu saa wanaivuta ile pete kwa sabuni na mafuta ya nazi mpaka ikatoka.

"Kichwa tangu lini?"

"Tangu Ijumaa, dada."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Yaani siku nne anakunywa panadol, anajifunga kitambaa kichwani, na kuambiwa ni harufu ya karafuu kwa sababu ulikuwa msimu na yeye kutwa yuko juu ya jamvi anachambua, karafuu upande huu makonyo upande huu. Macho yanamemetuka, anaona kama vimulimuli, hilo nalo wakasema jua. Tangu mchana wa Jumatatu anabanwa chini ya kifua, kwenye chembe cha moyo, kapewa maji ya tangawizi wakidhani vidonda vya tumbo, katapika.

Nikatafuta mkanda mpana wa presha, maana mkono mnene ukiupima kwa mkanda mdogo mashine inakupa namba kubwa kuliko ilivyo na hapo sikutaka kudanganywa. 178/118. Nikamlaza ubavu wa kushoto, baada ya robo saa nikarudia, 176/116. Mkojo protini alama tatu. Goti ukiligusa mguu unaruka kama umepigwa shoti. Mtoto nilimsikia, 136 kwa dakika, mimba kwa hesabu yetu wiki 33.

Kwa asiyejua, presha ikifika 140/90 baada ya wiki 20 za mimba, kwa mtu ambaye kabla alikuwa sawa, na kuna protini kwenye mkojo au dalili kwamba ini, figo, damu au ubongo vinaguswa, hiyo ndiyo priklampsia. Ikifika 160/110, au kichwa kisichosikia dawa, au macho, au chembe cha moyo kinauma, hiyo ni kali na mbele yake ni kifafa cha mimba, yaani degedege. Bi M alikuwa nayo yote. Tulikuwa tunashindana na saa.

Nikaita gari ya wagonjwa, na wakati tunaisubiri nikaanza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia hilo degedege. Gramu 4 kwenye mshipa polepole, siyo kwa pupa, kisha gramu 5 kila tako, na hizi za matako zinaunguza jamani, tunachanganya na dawa ya ganzi kidogo lakini bado mtu anapiga ukelele. Bi M akapiga ukelele na akakakamaa kwa maumivu. Mama yake, bibi wa makamo hivi, alikuwa kasimama mlangoni na mkoba wa nguo, akaingia mbio akamshika miguu akasema maneno ambayo mpaka leo nnayasikia.

"Mshikeni vizuri wanangu, shetani wake karudi."

Sindano iko mkononi mwangu bado. Nikamuuliza, "Karudi kutoka wapi, bibi?"

"Si huyo huyo aliyemkamata mimba ya mwanzo. Alikuwa anatoka kisimani, mwezi wa nane, ndoo kichwani. Kaanguka, kakakamaa, katetemeka, povu, kajing'ata ulimi mpaka damu. Tukasomewa, tukapewa kombe la kunywa, kakaa siku mbili hajitambui. Mtoto katoka keshakufa. Huyo huyo ndo karudi."

Mwili ulinisisimka. Miaka 19 nyuma, msichana wa miaka 18, mimba ya kwanza, mwezi wa nane, degedege, kupoteza fahamu siku mbili, mtoto mfu. Hicho ni kifafa cha mimba kama kilivyo kwenye vitabu, hakikosi hata kimoja, na mtu akishapata kitu hicho mimba moja basi hatari ya priklampsia kwenye mimba nyengine inapanda mara saba na zaidi kuliko mwanamke ambaye hajawahi. Hakuna swali jengine kliniki lenye uzito kama hilo. Na kadi ipo mezani kwangu, mwandiko wangu, wino wa buluu: Historia ya presha, HANA. Historia ya kifafa, HANA.

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo penye kisa chenyewe, dawa na namba watu wanazijua.

Bi M hakunidanganya. Nilimuuliza "uliwahi kuwa na presha ya mimba?" kasema hapana, na ni kweli kwake, maana mimba ile ya mwanzo hakuna aliyempima, kajifungulia nyumbani na mkunga wa jadi na neno presha halikutajwa na mtu. Nikamuuliza "una kifafa?" kasema hapana, na hebu fikiria nilikuwa nnamuuliza nini. Kifafa kwetu huku ni neno zito. Msichana akisemwa ana kifafa haposwi, na akishaposwa posa inarudi. Mie nimemuuliza swali hilo kliniki ya kwanza, na siku ya kwanza sisi wenyewe tunawahimiza waje na waume wapime pamoja, na mume alikuwa kakaa hapo hapo pembeni yake, mume mpya wa miezi minane, kanzu imepigwa pasi. Utegemee mtu aseme nini?

Ningemuuliza "kuna mimba yoyote uliyowahi kuanguka, ukatetemeka, au ukashikwa na shetani?" na mume nikamwomba atoke dakika mbili, ningepata jibu. Tena kulikuwa na uzi nimeuacha unaning'inia, kwa sababu kwenye kadi hiyo hiyo nimeandika mimba ya tatu, uzazi mara mbili, mtoto hai mmoja. Hai mmoja! Huyo mwengine nimeandika "kafia tumboni" na nikaruka mstari unaofuata bila kuuliza ilikuwaje. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, kweli, lakini swali la "ilikuwaje" linachukua muda gani.

Sasa twende kwenye hatari nyengine alizokuwa nazo, ambazo hata bila ya shetani zilikuwa zinaonekana kwa macho.

Umri miaka 37. Kuanzia 35 hatari inaanza kupanda, na inaendelea kupanda kila unavyosogea 40. Peke yake si kitu cha kumtisha mtu, wanawake chungu nzima wanazaa na 38 wakiwa wazima, ila ukiiweka juu ya nyengine inahesabika.

Unene. Kliniki ya kwanza alikuwa kilo 89 kwa urefu wa sentimita 159, na hata ukitoa uzito wa mimba bado ni mnene kupita kiasi. Na hapa niseme ukweli, sisi wenyewe huwa tunawasifia. Mwanamke akiolewa akinawiri wanasema ndoa imemkubali, na sidhani kama kuna mtu yoyote kijijini kwao aliyemuona Bi M na kufikiria hatari, walimuona kapendeza. Unene unakaribia kuizidisha hatari mara tatu.

Halafu ile miaka. Mtoto wake wa mwisho, mvulana, yuko skuli, miaka 14. Kaachwa, kakaa, kaolewa tena. Watu wengi wanafikiri mwanamke akishazaa mara mbili mimba ya tatu ni mteremko, mwili umeshazoea, na kwa kawaida ni kweli kwamba priklampsia inapenda zaidi mimba ya kwanza. Lakini kinga hiyo haidumu. Kuna utafiti mkubwa wa Norwe wa mwaka 2002 ulioonesha kwamba mama akikaa miaka 10 na zaidi baina ya mimba, hatari yake inakaribia ya yule anayebeba mimba ya kwanza kabisa. Kabla ya hapo lawama ilikuwa kwa mume mpya, kwamba mwili wa mama haujazoea mbegu za mwanamme huyu, na bado kuna wanaolitia maanani hilo, lakini wale wa Norwe walipoihesabu miaka waliona miaka ndiyo inayoeleza zaidi. Kwa Bi M vyote viwili vipo kwa hiyo hatuna haja ya kugombana, ilikuwa ni mimba ya kwanza iliyovaa nguo za mimba ya tatu.

Zile nzito nyengine hakuwa nazo: hana mapacha, sukari yake ilikuwa sawa, figo hazina historia, presha ya kudumu kabla ya mimba hatukuweza kuithibitisha kwa sababu hakuna aliyempima kabla. Na hili nalo ni tatizo la huku, mtu anakuja na wiki 22 ndo anavuliwa mkono mara ya kwanza maishani. Kawaida presha hushuka kidogo katikati ya mimba, kwa hiyo mwenye presha ya zamani akija miezi hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, umemkosa.

Kwa nini kaja wiki 22? Kwa sababu mimba haisemwi mapema. Mama yake kamwambia tulia mpaka ikae, macho ya watu mabaya, na kwa mtu aliyezika mtoto wa kwanza siwezi kumcheka, angefanya hivyo yoyote yule. Lakini gharama yake nnaijua. Kwa mwanamke mwenye hatari kubwa kama yake kuna kidonge kidogo cha bei rahisi, aspirini ya dozi ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema miligramu 75 kila siku, kuna wanaotoa mpaka 150, na ule utafiti wa mwaka 2017 waliotumia 150 wakati wa kulala ulipunguza priklampsia ya kabla ya wiki 37 kwa asilimia 62. Kinatakiwa kianze baada ya wiki 12, vizuri kabla ya 16, na ikizidi sana kabla ya 20. Kwa nini mapema hivyo wakati maradhi yenyewe yanakuja mwezi wa saba wa nane? Kwa sababu hayaanzi mwezi wa nane. Kondo la nyuma linapojishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, linatakiwa liifungue ile mishipa myembamba ya mama iwe mipana, kama unavyoukwatua mfereji mdogo wa bonde la mpunga upate kupitisha maji ya bonde zima. Kwa hawa mfereji haufunguki vizuri. Mtoto anavyokua anataka damu zaidi, mfereji ni ule ule, kondo linalalamika na kumwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyouharibu utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima, ndo presha inapanda, figo zinavuja protini, ini linavimba na kubana pale kwenye chembe cha moyo, ubongo unawaka. Mfereji umeharibika wiki ya 14, mafuriko yanakuja wiki ya 33.

Kwa hiyo hata kama ningemuuliza vizuri wiki ya 22, aspirini ilikuwa imeshatupita. Nalisema hili kwa sababu mwenzangu mmoja kazini kanipa moyo akaniambia "basi usijilaumu, usingeweza kitu." Siyo kweli. Ningeweza mengi. Ningempa kalsiamu, ambayo kwa watu wasiokunywa maziwa kama sisi, wali, muhogo na samaki, inasaidia, gramu moja na nusu mpaka mbili kwa siku. Ningemwambia aje kila wiki mbili badala ya mwezi. Ningemkataza kuzalia kisiwani na ningemtaka mwezi wa saba ahamie kwa jamaa yake mjini karibu na hospitali. Ningewaita yeye na mama yake niwaambie kichwa, macho na chembe cha moyo ni vitu vya kupanda boti siku hiyo hiyo, usiku au mchana, bamvua lisiwe bamvua. Hizo siku nne za panadol zisingekuwepo.

Tazama na presha zake. Wiki 22 ilikuwa 126/82. Wiki 27 ilikuwa 134/88. Zote nimeandika "kawaida" kwa sababu hazijafika 140/90. Kwa mtu asiye na hatari sawa, lakini kwa mtu mwenye hatari tano mwilini hiyo ni ngazi, anapanda. Na siku ile ya wiki 27 mkojo haukupimwa, vile vikaratasi vya kupimia vilikwisha, nikamwambia rudi baada ya wiki nne. Wiki ya 31 hakuja. Karafuu zilikuwa zimeiva na karafuu haimsubiri mtu, na mie sikumtuma mtu wala sikumpigia sheha wao simu kumuulizia, kwa sababu kwenye daftari langu Bi M alikuwa ni mama mzima asiye na historia.

Turudi usiku ule. Nilimpa nifedipini ya kumeza miligramu 10, nusu saa baadae presha 158/104, na hapo unasimama, hutaki kuiporomosha ghafla mtoto akakosa damu. Mpira wa mkojo, dripu ndogo ndogo tu maana mapafu ya hawa watu yanajaa maji haraka. Kila nusu saa nahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, nagonga goti kuona kama bado linaruka, naangalia mkojo, na kalsiamu glukoneti nimeivuta tayari kwenye bomba nimeiweka pembeni, kwa sababu magnesiamu ikizidi inazima pumzi na hiyo ndiyo dawa yake. Watu wanaiogopa magnesiamu, kuna vituo inakaa kabatini mpaka inapitwa na tarehe, wakati mwaka 2002 ilishajaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi 33 ikaonekana inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Gari ilifika saa saba kasoro, nikapanda nao. Bibi njia nzima anasoma kimoyomoyo mkono uko juu ya tumbo la mwanawe.

Hospitali walikuta chembe za kugandisha damu zimeshuka, 88,000, na vimeng'enya vya ini vimepanda zaidi ya mara mbili, figo nashukuru bado. Alipewa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, lakini kwa damu ile hawakuweza kungoja sana, siku ya pili yake akafanyiwa operesheni. Mtoto wa kike, kilo 1.7, kalia mwenyewe. Akafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Watu wa nyumbani walishangilia, na hapo ndo pana mtego mwengine. Wengi wanajua kwamba dawa ya priklampsia ni kuzaa, ni kweli, kondo likitoka chanzo kimetoka, lakini mwili hauzimiki kama taa. Presha ina tabia ya kupanda tena siku ya tatu mpaka ya sita, wakati mama keshaonekana mzima na watu wanadai nafasi ya kitanda. Bi M siku ya nne alikuwa keshafunga mkoba, nguo keshavaa, anasubiri karatasi. Nesi wa zamu, Mungu amlipe, akasema hebu kwanza. 170/112, na kichwa kimeanza. Mkoba ukafunguliwa. Magnesiamu upya, dawa za presha zikabadilishwa, katoka siku ya tisa.

Wakati wa wiki zile kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama mkwe kasema ni papa, Bi M alikuwa anapenda mno mchuzi wa papa mkavu, chumvi ile ndo imempandisha. Wengine wakasema kalala chini ya muembe, wengine mawazo ya mke mwenzie. Kuhusu chumvi nataka niseme wazi kwa sababu nimeona wajawazito wananyimwa hata kachumbari: kupunguza chumvi hakujaonekana kuzuia priklampsia, wala kulazwa kitandani miezi hakuzuii. Chumvi nyingi siyo nzuri kwa mtu mwenye presha ya kudumu, hilo ni jambo jengine. Lakini ukimlaumu mama kwa alichokula unamuongezea mzigo, na lile la kweli unaliacha.

Alikuja kliniki baada ya kutoka arubaini, mtoto kafika kilo 3 na kidogo, mikunjo imeanza kwenye mapaja. Presha 142/90, bado iko juu, kwa hiyo dawa anaendelea na nimempangia aonane na daktari wiki ya 12, ikiwa haijashuka mpaka hapo basi ni presha ya kudumu ilikuwepo tangu zamani au imebaki. Nikamweleza pia kwamba aliyepita njia hii moyo na mishipa yake inataka kuangaliwa maisha yake yote, presha ipimwe kila mwaka hata akiwa hana mimba. Mume safari hii nilimwambia akae, asikie. Bi M mwenyewe ndiye aliyemhadithia habari ya kisimani, na yule mwanamme akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Kumbe ulikuwa unabeba peke yako."

Bibi alikuwa kapakata mjukuu. Kaniambia, "Mwanangu, shetani yule sindano zako kazikimbia." Sikubishana nae. Nilichokifanya ni kumuuliza kwa lugha yake, nikamwambia, "Bibi, huyu shetani ni wa Bi M tu au ni wa ukoo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha wazi. "Wa ukoo. Tunaye tangu zamani." Akamhamishia mtoto mkono wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa vidole vya kulia. Mdogo wake yeye bibi, kakamatwa na mimba yake, kafa nayo. Dada yake Bi M, yuko Unguja sasa, kashikwa siku ya tatu baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, akapona. Bi M mwenyewe. Vidole vitatu. Kliniki ya kwanza niliuliza "kwenu kuna mtu ana presha?" na nimeandika HAKUNA. Mama au dada wa tumbo moja akiwa kapitia haya, hatari yako inakaribia mara tatu, na mie nilikuwa nayo nyumba nzima mbele yangu.

"Na yule wa Unguja," nikamuuliza, "alimzaa nani siku hiyo?"

"Msichana. Nnae mie, nimemlea mwenyewe. Kaolewa mwaka jana."

"Ana mimba?"

Akashusha sauti, akaangalia mlango. "Haijasemwa bado. Mwezi wa tatu."

Mimba ya kwanza, mama yake kashikwa, wiki 12 au 13. Nikamwambia bibi sitomwambia mtu, lakini nnamtaka hapa. Akaniuliza lini, nikamwambia kesho, akatazama juu akahesabu maji, akasema kesho yanajaa saa mbili asubuhi. Saa tatu kasorobo alikuwa kwenye benchi langu, kajifunika khanga mpaka usoni, bibi kamshika mkono.

126/78, mkojo safi. Wiki 13. Daktari kamwanzishia aspirini siku hiyo hiyo.